Umeme Uliotoka kwa Mama Sifa

Feza mwanangu,

Najua barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekunywa uji nusu kikombe, ukafunga kitambaa kwa nguvu kama mtu anayekwenda kugombana, ukaenda kuwaaga shangazi zako. Hutarudi kabla ya jioni. Mimi nimesukuma nguo za watu pembeni, nimekaa kwenye meza ya cherehani, na ninaandika.

Mambo ya kuchemsha maji na kushonea hela ndani ya pindo, shangazi zako watakuwa wamekwambia kabla hujakalia kiti. Hayo nawaachia wao. Mimi nina habari moja tu, ya Mama Sifa. Unaijua nusu yake. Siku ya kilio cha baba yako ulisimama nyuma ya mgongo wangu ukaninong'oneza, "Mama, sema kitu." Sikusema. Ukakaa miezi ukinijibu "ndiyo" na "hapana" tu, na mimi nikajifanya sioni. Tangu hapo tumepika pamoja, tumelia pamoja, tumecheka hata, lakini jambo lile tumelizunguka kama shimo lililo katikati ya nyumba.

Sasa unakwenda Lubumbashi kwenye kazi ileile ya umeme. Utakaa mbele ya skrini, utakusanya umeme wa jua kutoka mapaa ya watu, kidogo hapa kidogo pale, na kampuni yako itauuza kwa jumla kwa wenye migodi ya shaba. Ulipoleta habari ya kazi hiyo nilikwambia maneno mabaya. Nilisema unakwenda kuwatumikia waliomuua baba yako. Ukanijibu, "Mama, ni nani waliomuua?" Nikaondoka mezani. Leo nataka kukujibu.

Ulikuwa bado mdogo mimi nilipowakusanya watu. Kila mtu hapa Kasongo alikuwa na kipano chake, kibao cha kunasa umeme wa jua, juu ya bati, betri yake chini ya kitanda, na taa yake. Mchana jua lilikuwa linajaza betri kabla ya saa sita, halafu linapotea bure. Kampuni ikaja, ikajenga shamba lake la pano, ikasimamisha nguzo mpaka mwisho wa mtaa wetu, ikasema: wenye pano, unganeni. Mnunuzi mkubwa hawezi kuja kununua umeme wa nyumba moja. Mwenye mashine za kusaga mawe ya dhahabu, wenye antena ya simu, wenye kinu cha mpunga, hao wananunua kwa jumla. Wanataka umeme mwingi, wa uhakika, kwa saa waliyoitaja. Lakini mtaa mzima ukitoa kwa pamoja, unahesabiwa kama muuzaji mmoja, unaingia sokoni na kusimama sawa na matajiri.

Baba yako alikuwa tayari fundi wa laini kwenye kampuni hiyo. Alinieleza hapa hapa, akipanga vijiko mezani kuonyesha nguzo. Mimi nilishika moto kabla hajamaliza. Nilipita nyumba kwa nyumba. Nilikuwa mtu wa kusikilizwa wakati ule, Feza. Nilikuwa nawashonea wote, naingia vyumbani kwao na tepu shingoni, najua nani amekonda na nani ana mimba kabla mume wake hajajua. Wakanifanya mkubwa wa kundi.

Nyumba ya mwisho kwenye laini ilikuwa ya Mama Sifa. Alikataa mwanzoni. Alikuwa mjane, binti yake Sifa ameolewa huko Lusangi kwenye machimbo, yeye amebaki na friji lake la juisi na samaki, na pano alizolinunulia friji hilo. "Nikizigawa, samaki wangu wataoza," alisema. Nilikwenda kwake tena na tena. Nilimsemesha Kibangubangu, lugha ya kwetu, kwa sababu sote wawili tulitoka Kabambare, tulikimbia vita kwa njia moja na tulilala kwenye darasa moja la shule tulipofika hapa. Nilimwambia, "Dada, mimi naweza kukuingiza kwenye kitu kibaya?" Akacheka, akakubali.

Na kwa muda kilikuwa kitu kizuri. Usisahau hilo unaposoma haya mengine. Watu walipaka nyumba rangi. Mama Sifa aliweka benchi jipya nje. Baba yako alipopita kwa baiskeli na ngazi yake begani, watoto walimkimbilia.

Lakini soko la jumla lina masharti yake, na wewe unayajua vizuri kuliko mimi. Mchana wauzaji wanaahidi watakachotoa kesho. Kesho ikifika, lazima mtoe. Anayeahidi halafu anakosa, nafasi yake anapewa mwingine, na huyo mwingine alikuwepo: tajiri mmoja mwenye jenereta kubwa, anasubiri tu sisi tuteleze. Ujumbe ulikuwa unaingia kwenye simu yangu: kundi lenu limepungukiwa. Haukuniambia kwa nini, wala kwa nani. Kazi ya kujua kwa nani ilikuwa yangu, nami niliifanya kwa bidii. Nyumba iliyokuwa inapunguza ilikuwa ya Mama Sifa.

Haikuwa hila. Kila nyumba ilifungwa kisanduku kidogo ukutani. Laini ikizimika, kisanduku kinaitenga nyumba, ili umeme wa pano usitoke nje na kumkuta fundi aliye juu ya nguzo. Mwisho wa laini umeme ulikuwa dhaifu, unapanda na kushuka, na kisanduku cha Mama Sifa kilidhani laini imekufa. Kilikata hovyo. Kikishakata kilikaa muda mrefu kabla ya kurudisha, na muda huo wote yeye hakutoa kitu. Baba yako aliiomba kampuni ivute waya mnene mpaka nyumba zile za mwisho. Wakasema watafanya. Hawakufanya.

Siku moja, kwenye mkutano katika uwanja wa shule, nilimsimamisha Mama Sifa mbele ya wote.

"Mama Sifa, sisi wote tunavuta, weye unatuangusha. Kwa nini?"

"Mama Feza, si miye. Ni ile kisanduku. Laini ikitetemeka kidogo tu, inakata. Inakaa, inakaa, njo inarudisha."

"Kila siku kisanduku, kisanduku. Basi uitafutie dawa!"

Watu wakacheka. Yeye akakaa chini, akavuta kitenge mpaka kwenye magoti. Nilijisikia hodari.

Na mimi nilikuwa najua kisanduku kile ni nini. Hilo ndilo sikulisema kwa mtu yeyote. Baba yako alikuwa ameniambia, mara nyingi, akivua viatu mlangoni: "Ile kitu usiiguse hata siku moja, wala mutu asiiguse. Miye nikiwa juu, ni ile njo inanilinda." Nilimsikia kama unavyosikia mtu anayekwambia ufunge dirisha. Pale uwanjani sikuyakumbuka maneno yake. Nilikumbuka ujumbe wa kwenye simu.

Mama Sifa akaitafutia dawa. Alimwita fundi wa kutengeneza simu, akapitisha waya juu ya kisanduku, kikawa kimefungwa ukutani bila kazi. Upungufu ukaisha. Nilimsifu kwenye mkutano uliofuata, wala sikuuliza amefanyaje.

Siku ile unaikumbuka. Upepo wa mvua ulikuwa umeangusha tawi kwenye laini, kampuni ikazima umeme upande wake, na asubuhi jua likatoka kali kama mvua haijawahi kunyesha. Kampuni ilikuwa na waya mmoja tu wa kuunganisha laini na udongo, ule unaoshusha chini umeme wowote uliobaki. Siku hiyo ulikuwa umechukuliwa na mafundi wengine waliokwenda upande wa Nyangwe. Baba yako alipewa amri apande bila huo, kwa sababu jioni mashine za dhahabu zilikuwa zinasubiri umeme ulioahidiwa. Akapanda. Mwenzake aliyekuwa chini ameniambia kwamba baba yako alikuwa anamuuliza kama nyumbani kwao wamemaliza kuvuna mpunga. Hakumaliza swali.

Wa kwanza kunifikia alikuwa Mama Sifa. Alitoka mbio bila viatu. Alinishika kiunoni nilipotaka kumkimbilia baba yako akiwa bado ananing'inia kwenye mkanda wake, akanishika mpaka walipomshusha. Kwenye kilio alipika, aliosha masufuria, alilala pembeni yangu kwenye mkeka. Hakujua. Naapa kwa Mungu, hakujua kwamba umeme umetoka kwake, na mimi pia sikujua.

Mabwana wa kampuni wakaja na mikono nyuma. Mmoja akasema mbele ya jeneza, "Marehemu hakufuata utaratibu." Habari ya waya mmoja hawakuitaja. Halafu wakaanza kupita ukuta kwa ukuta kutafuta umeme umetoka wapi. Wakati huo, Feza, wanaume wetu wengine waliondoka kwenye kilio, mmoja mmoja, wakasema wanakwenda kujisaidia. Nilikuja kujua baadaye. Walikwenda kung'oa nyaya zao. Mama Sifa hakuwa peke yake. Wengi walikuwa wametafuta dawa ileile. Yeye peke yake hakuondoka.

Alisimama katikati ya watu, mikono bado ina maji ya kuoshea sahani.

"Mama Feza," alisema, "iko kwangu. Ni kwangu njo umeme ulitoka. Nimeenda kuangalia. Ni miye."

Wote wakanigeukia. Mimi ndiye nilikuwa mwenye msiba. Neno langu moja lingetosha. Kama ningesema, "Mwacheni," wangemwacha. Kama ningesema, "Ni mimi niliyemtuma," sijui wangefanya nini, lakini wasingemgusa. Wewe ukaninong'oneza. Nikaangalia chini, kwenye mchanga, na nakumbuka kulikuwa na punje za wali, na siafu anavuta moja.

Yaliyofuata uliyaona. Vijana wakapanda juu ya bati lake wakazivunja pano kwa mawe. Wakaburuta friji mpaka barabarani. Mama Sifa akajaribu kulishika, wakampiga kwa mti kwenye mkono. Nilisikia kelele zote nikiwa nimekaa hapo. Na nitakwambia neno ambalo mama hapaswi kumwandikia mtoto wake: nilisikia nafuu. Nilimpata mtu. Hasira yangu ilipata nyumba ya kuingia, na haikuwa nyumba yangu. Jioni alipita barabarani na sufuria kichwani, mkono mmoja umefungwa kwa kitenge, akielekea njia ya Kabambare kwa miguu. Sikutoka nje.

Kundi likafa. Nafasi yetu sokoni akapewa mwenye jenereta. Mashine za dhahabu hazikusimama hata siku moja.

Hapo ndipo nusu unayoijua inaishia. Mwezi uliopita nilipokwambia nakwenda Kabambare kwa mjomba, sikwenda kwa mjomba. Nilipanda pikipiki, nikasukumwa kwenye matope na kuvushwa mtoni kama mzigo, nikaenda kuuliza nyumba ya Mama Sifa. Nilijiambia nakwenda kumpa habari zako. Nilikuwa nimemshonea gauni kwa kukisia, kwa vipimo vya zamani.

Nilimkuta anapukuchua karanga. Amezeeka kuliko mimi, na sisi ni rika moja. Mkono ule haunyooki. Aliukunja mapajani, anafanya kazi kwa mwingine. Aliinua kichwa.

"Karibu," alisema. "Sikukuita. Lakini siwezi kufukuza mutu aliyetoka mbali."

Akanipa maji. Akanipikia sombe, majani ya muhogo, kwa mkono ule mmoja, akakataa nimsaidie. Nilikula. Gauni alilipokea, akaliweka kwenye kiti bila kulikunjua. Halafu akaniuliza jambo moja.

"Ile siku ya mukutano, uliponiambia nitafute dawa. Weye ulijua ile kisanduku inafanya kazi gani?"

Nilitaka kusema hapana. Midomo ilikuwa imeshaanza.

"Nilijua," nikasema. "Papa Feza aliniambia."

Akatikisa kichwa polepole. "Miye nilifikiri hivi: Mama Feza iko na bwana anayejua umeme. Kama ingekuwa hatari, angeniambia. Njo maana sikuogopa." Akarudi kwenye karanga zake. "Nilitaka tu nijue. Miaka yote nimejiuliza."

Nikapiga magoti. Nikaanza kusema unisamehe, akanikatiza, si kwa ukali, kama mtu anayemzuia mwenzake asikanyage mboga.

"Usiniombe hapa. Hapa iko kuku tu na karanga. Ile siku watu walikuwa wengi. Miye nilisimama mbele yao wote nikasema iko kwangu. Enda uwaite walewale. Useme mbele yao. Kiisha urudi, tutaongea."

Nilirudi Kasongo na maneno hayo. Jumapili ya kwanza nilisema nitasimama kanisani. Nilivaa vizuri. Wakati wa matangazo miguu ilikataa. Jumapili iliyofuata nilijiambia mvua imewapunguza watu. Unaona ninavyojijua.

Feza, uliniuliza ni nani waliomuua baba yako. Ni kampuni iliyokuwa na waya mmoja. Ni amri ya kuharakisha kwa sababu ya ahadi ya jioni. Ni fundi wa simu aliyepitisha waya bila kuuliza. Ni mkono wa Mama Sifa uliomlipa. Na ni mimi, niliyejua na kusema maneno yale uwanjani ili watu wacheke. Nimejaribu miaka mingi kuligawa kosa hilo, nipate kipande kidogo. Halipungui ukiligawa. Kila mmoja analo zima.

Sikukatazi tena kazi yako. Umeme wa mapaa ya watu si kitu kibaya. Nimeona mtaa ukipakwa rangi kwa ajili yake. Ila ujue mahali utakapokaa. Kwenye skrini yako itatokea nyumba inayopunguza ahadi. Itakuwa namba, haitakuwa na benchi nje wala samaki ndani. Na juu yako atakuwepo mtu anayeitaka ahadi hiyo, na juu yake mwingine. Utaandika ujumbe mfupi, utauona ni kazi ya kawaida. Mimi niliuona hivyo. Siwezi kukwambia uandike nini. Mimi mwenyewe sikujua. Nakwambia tu kwamba mwisho wa laini kuna mtu anayekuamini kwa sababu anadhani ungemwambia.

Na ukiogopa kusema jambo siku linapotakiwa, usifikiri litakungoja mahali pamoja. Linakwenda. Langu lilikwenda mpaka Kabambare kwa miguu na sufuria kichwani.

Kesho asubuhi mtaa wote utakuja kukuaga. Watakuwepo waliong'oa nyaya zao siku ile. Watakuwepo vijana waliopanda kwenye bati, sasa ni baba za watoto. Watataka niombe sala kabla hujapanda pikipiki, kama mama wa msafiri. Kabla ya sala nakusudia kusimama na kusema yote, kwa sauti, kuanzia baba yako alipovua viatu mlangoni. Inawezekana wataacha kuniletea nguo. Inawezekana watafanya zaidi ya hapo. Hiyo si sababu ya wewe kutoondoka.

Barua hii nitaiweka chini ya nguo zako, uisome ukiwa njiani. Kwa hiyo wewe unayesoma unajua jambo ambalo mimi ninayeandika silijui: kama nilisimama au sikusimama.

Kama nilisimama, pita Kabambare usimame kidogo, umwambie Mama Sifa kwamba uliniona na kunisikia.

Kama miguu ilikataa tena, pita vilevile. Nyumba yake iko nyuma ya soko, uliza tu. Mwambie, "Mama yangu ameshindwa." Usinitetee, usimwambie nilikuwa mgonjwa. Halafu kaa naye, umsaidie karanga, mpaka dereva wako atakapokuita.

Mama yako